Doa Jekundu kwenye Sarafu ya Mei

Nakumbuka siku tatu, mwanangu, ambazo sikupata usingizi kwa sababu ya doa la rangi lisilozidi punje ya mtama. Shaka iliyonikesheza ilikuwa moja tu, na niliigeuza upande huu na upande ule mpaka kichwa kikaniuma: nimwambie yule bibi ukweli, au nimwache aende zake akiwa na furaha yake?

Una wiki saba tu duniani. Kila aliyekuja hapa Mayfair, Johannesburg, kukuona amekuachia neno. Mmoja amekwambia uheshimu wakubwa, mwingine usome sana, mwingine usioe mbali, wewe ambaye hata shingo haijakaza. Nami nimekaa nakunyonyesha, nasikiliza, najiuliza mama yako nina nasaha gani ya kukupa. Shahada ninayo, ya kemia, lakini maisha sijayaishi sana. Nimetafuta nikapata nasaha moja. Nimeiandika nikaifuta mara nne, na hii ni mara ya tano, na nimeamua sitaifuta. Naiandika kwa Kiswahili, maana naogopa utakua kama watoto wengi wa mtaa huu, unasikia kila kitu na kujibu kwa Kiingereza.

Nilikuwa nimemaliza masomo kule kampasi ya Doornfontein, na mwezi wa kumi na moja tangu nimalize ulikuwa unapita sina kazi. Si kwamba sikuomba. Niliomba, ila barua moja ya maombi ilikuwa ikinichukua siku mbili kuiandika, na nikishaituma naifungua tena nione nimekosea wapi, na kila mara naona. Shangazi yangu, niliyekuwa nikiishi kwake, alichoka kuniona sebuleni nikiwa na kompyuta magotini. Asubuhi moja akaniambia, "Rukia, vaa viatu." Akanishika mkono mpaka Fordsburg kwa Mzee Athumani.

Mzee Athumani alikuwa mtu wa Pangani, fundi saa. Duka lake lilikuwa jembamba kama ujia, watu wawili wenye mizigo hawapishani. Upande wa kulia zilining'inia saa za ukutani, kila moja ikisema saa yake. Upande wa kushoto kulikuwa na kabati la vioo lenye vitu vya kale alivyovinunua kwa miaka mingi, mizani, taa za chemli, medali za askari, vijiko vya fedha. Rafu ya chini kabisa ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Hapo aliweka sarafu za Kichina, zile za shaba ya manjano zenye tundu la mraba katikati.

Alizipata zamani kwa jirani yake Mchina aliyefunga duka, ndoo nzima, hakuna aliyezitaka. Akajifunza kuzisoma kwa kulinganisha na chati aliyoibandika nyuma ya mlango. Kichina hakuwa akijua kuongea hata neno moja, lakini sarafu alizisoma.

"Njoo uone," aliniambia siku ya kwanza, kabla hata hajaniuliza jina. "Sarafu za Wazungu wanagonga, tap, imekwisha. Hizi ziliyeyushwa, zikamiminwa kwenye kalibu ya mchanga, zikatoka zimeshikana kwenye tawi kama mabungo. Wakazikata moja moja. Sasa ukingo umekwaruza, utazipigaje tupa mia kwa mpigo bila zenyewe kuzunguka? Unazitia kwenye ufito wa mraba. Tundu hili unaloliona watu wanadhani ni la urembo."

Ndipo akanifundisha kusoma. Herufi ni nne, mwanangu, kila upande wa tundu moja. Unaanza juu, unashuka chini, kisha kulia, kisha kushoto. Mbili za kwanza ni jina la zama za mfalme aliyekuwa akitawala. Mbili za mwisho ni karibu zile zile kwenye kila sarafu, na Mzee alizitafsiri kwa namna yake: hazina ya kupita mikononi. Hakuna sura ya mfalme, wala simba, wala ngao. Ukiigeuza, nyuma unakuta maandishi mengine ya kusimama, ya lugha ya watawala wenyewe, ambayo si Kichina, yanayotaja nyumba ilikotengenezwa. Mimi ninayehofia kila kitu, zile sarafu zilinituliza. Kulikuwa na utaratibu na kulikuwa na jibu. Baada ya miezi miwili nilizisoma bila chati, na Mzee akawa anawaambia wateja, "Muulizeni binti, mimi macho yangu yamebaki kwenye saa."

Siku hizo bado nazitamani. Harufu ya mafuta ya saa, sambusa za duka la kona saa nne asubuhi, adhana inakuja na Mzee anaweka bisibisi chini hata kama saa ya mtu imefunguliwa matumbo. Kutoka upande wa pili wa ukuta tunasikia redio ya Mama Riziki, msusi wa Bukavu, na yeye anaimba juu ya redio.

Bi Leong alikuja siku ya Jumatatu. Alikuwa bibi wa Kichina mwenye miaka themanini na kitu, mzaliwa wa hapa hapa Johannesburg, mitaa michache tu kutoka dukani. Shule alisoma kwa Kiingereza, Kichina cha kusoma hakukijua, na hilo alilionea haya. Alikuwa akihamia kwa mwanawe ng'ambo, moja kwa moja, na alikuwa na sarafu kumi na nane za mama yake, zimetungwa kwenye uzi mwekundu uliofifia. Alitaka kujua kila moja inasema nini kabla hajawagawia wapwa zake. Alizungumza na Mzee mlangoni kwa muda mrefu kwa Kiingereza, mimi nikiwa nyuma nahudumia mtu wa mkanda wa saa. Alipoondoka, Mzee akaniwekea ule uzi mezani.

"Zisome, uziandike vizuri kwenye karatasi. Atazifuata Ijumaa baada ya sala. Mimi nawahi basi la Durban, mtoto wa kaka yangu anaoa. Nitarudi Alhamisi."

Akachukua begi lake akaondoka. Kama angekaa dakika tano zaidi, nasaha hii nisingekuwa nayo.

Nilizisoma siku hiyo hiyo. Nilizitoa kwenye uzi, nikapiga picha moja kwa simu kabla sijazitoa, nikaweka karatasi nyembamba juu ya kila moja na kupitisha penseli mpaka herufi zikatokea. Kumi na moja zilikuwa za zama za Qianlong, nne za Daoguang, tatu zilizobaki zimelika nikazisoma kwa shida. Za kawaida zote, sokoni hazina bei. Nikaandika karatasi safi. Kazi ikaisha, na siku ya Jumanne nikabaki nazitazama, nyeusi nyeusi, zimeganda uchafu wa miaka, na mkono ukaniwasha.

Sasa nikueleze jambo la kwetu, maana bila hilo utadhani mama yako alikuwa mjinga tu. Kule Tanga nililelewa na bibi yangu. Kwake, sahani ya jirani ikija na kitu, hairudi chafu na hairudi tupu. Ataisugua mpaka kwenye kisigino cha sahani, halafu ataweka japo mayai mawili. Na wiki ya Idi ilikuwa wiki ya shaba. Birika, sinia, vinara, vyote vinashushwa uani, tunaroweka ukwaju, tunachanganya na majivu yaliyochekechwa, tunasugua kwa kumbi la nazi mpaka unaona meno yako kwenye sinia. Shaba chafu ndani ya nyumba ilikuwa aibu, na shaba chafu ya mgeni ilikuwa aibu mara mbili. Mimi ninayefikiria mara kumi kabla ya kuvuka kwenye robot hata taa ikiwa ya kijani, hilo sikulifikiria hata mara moja. Nilikwenda kwa Wasomali wa jirani nikanunua ukwaju, nikachukua majivu kwa muuza mahindi, nikazitia zote kumi na nane kwenye bakuli moja.

Maji yalibadilika rangi. Yakawa ya kahawia, halafu kukawa na wekundu kidogo. Niliuona ule wekundu, mwanangu. Nikajiambia, kwa elimu yangu yote, ni oksidi ya shaba, shaba ikikaa sana hupata wekundu wa namna ile. Nikaendelea kusugua. Zilipotoka ziling'aa kama zimetoka kalibuni asubuhi ile. Nikazipanga kwenye kitambaa, nikafurahi, nikaenda kunawa mikono.

Simu ya duka ikalia. Alikuwa Bi Leong.

"Ni yule msichana?" akauliza. "Samahani kukusumbua. Nilimweleza Mzee lakini nimefikiria tena. Ile yenye doa jekundu, ina maandishi tofauti na zingine?"

Nikamuuliza doa jekundu lipi, maana chini ya ule uchafu sikuwa nimeliona.

Akanieleza bila haraka. Alikuwa na dada, Mei. Mei aliugua akiwa na miaka mitano akafariki. Alipokuwa hai mama yao alimvalisha sarafu moja shingoni kwa uzi mwekundu, kama walivyowafanyia watoto kwao, imlinde. Baada ya mazishi mama aliirudisha kwenye ule uzi pamoja na wenzake, lakini kwanza aliitia doa la rangi ili asije akaitoa kwa mtu. "Hizo kumi na saba ni za wapwa," alisema. "Hiyo moja nasafiri nayo. Picha ya Mei hatuna. Tunayo hiyo."

Nikasema, "Nitaiangalia, Bibi." Nikaweka simu chini nikageuka kutazama sarafu kumi na nane, zote zinang'aa, zote sawa.

Nilitafuta kwenye ile picha ya simu. Zilikuwa zimelaliana kwenye uzi, unaona kingo tu. Nilichukua lenzi ya Mzee nikazikagua moja moja, mbele na nyuma, kwenye pembe za tundu, nikitafuta japo chembe. Bibi yangu alinifundisha kazi vizuri. Hakukubaki kitu.

Usiku ule nilizungumza na Bi Leong kichwani. Nilimwambia, akalia. Nikamwambia kwa maneno mengine, akapiga kelele. Nikamwambia tena, akaanguka pale dukani kwa mshtuko, na mimi nimekuwa muuaji. Nikamwambia kwa barua, akaita polisi, na polisi wakaniuliza kibali changu cha kukaa. Mzee akanifukuza. Shangazi akanirudisha Tanga. Kulipokucha nilikuwa nimeshaishi miaka kumi ya aibu bila kutoka kitandani. Jumatano nikaenda kazini, nikainua simu mara tatu, nikaiweka mara tatu. Usiku wake ukawa kama wa kwanza.

Alhamisi asubuhi Mama Riziki aliingia kuomba chenji akanikuta nimelaza kichwa mezani.

"We mutoto ya Tanga, uko mugonjwa? Sura yako iko kama ya mutu alilala kwa matanga."

Nikamweleza. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti, na lilipotoka lilikuwa fupi sana. Mama Riziki alinisikiliza mikono kiunoni, halafu akacheka, si kwa ubaya.

"Ni hiyo tu njo iko inakuliza? Kadoa? Mimi niko na rangi nyekundu ya kucha namna kumi na mbili! Leta hapa."

"Mama, huo si uongo?"

"Uongo gani? Ule mama ni muzee, anaenda mbali, harudi tena. Utamupa furaha yake mukononi, ataenda nayo. Ukimwambia kweli, utamupa nini? Utamupa machozi ya kupanda nayo ndege. Sasa sema, nani muzuri hapo, mwenye kweli ao mwenye huruma?"

Eish, mwanangu, hilo swali lilinimaliza, kwa sababu nilikuwa nimeshajiuliza mwenyewe usiku mara mia na sikuwa na jibu. Mama Riziki hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekimbia vita na watoto wawili mgongoni na mkononi. Alikuwa anajua uongo wa namna nyingi unaookoa watu. Tulienda kwake, tukajaribu vyupa, akachagua rangi ya damu ya mzee, yenye giza. Nilichagua sarafu mimi. Nilichukua ya Qianlong iliyolika kidogo, nikijiambia kwamba ya shingoni mwa mtoto lazima ingelika. Nikaitia doa kwa ncha ya njiti ya meno. Likakauka. Mama Riziki akalipapasa kwa kucha.

"Sharp," akasema, yaani safi kabisa. "Hata Mungu atatafuta miwani." Halafu akajipiga mdomoni, "Pardo, Bwana," akarudi kwa kichwa cha mteja.

Mzee Athumani alirudi jioni, na kofia ya harusi bado kichwani. Akaona kitambaa kwenye meza. Alisimama hivi, begi mkononi, hakuliweka chini.

"Nani amezisugua?"

"Mimi, Mzee."

Alifumba macho. "Rukia. Ile nyeusi ya juu ndiyo miaka yenyewe. Ndiyo mikono yote iliyozishika. Mtu anaikuta sarafu na ngozi yake, wewe unaichuna?" Alianza kuzitazama moja moja, anatikisa kichwa, mpaka akafika ile yenye doa. Uso ukamfunguka. "Alhamdulillahi. Doa la dada yake umeliacha. Nilikuwa kwenye basi nikakumbuka sikukwambia, nikasema ee Mola, hebu huyu mtoto asiliguse. Kosa langu mimi, na haraka zangu. Lakini umeliacha. Kumbe una macho."

Akanishika kichwa, kama anavyoshikwa mtoto aliyefanya vyema. Nami nikanyamaza.

Kati ya usiku zile tatu, huo wa tatu ndio uliokuwa mrefu zaidi. Zile mbili za mwanzo nilikuwa nimefanya kosa. Huo wa tatu nilikuwa nimesifiwa kwa ajili yake.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini na barabara kujaa kanzu, Bi Leong alikuja. Alivaa koti zuri, kama anakwenda kutembelea mtu. Mzee alimwekea kiti, akamwomba radhi kwa ule mng'aro, akamwambia msichana wetu alitaka kumheshimu. Bi Leong alizitazama kumi na saba, akasema kwa adabu, "Zimekuwa mpya." Nilimsomea karatasi yangu. Juu, chini, kulia, kushoto. Alifuatisha kwa kidole, akirudia majina ya zama polepole, na alipofika kwenye zile herufi mbili za mwisho, hazina ya kupita mikononi, akacheka kidogo, akasema mama yake angelipenda hilo, maana kwenye duka lao hazina haikukaa hata siku moja.

Kisha akaichukua ile yenye doa. Hakuisoma. Aliiweka kwenye kiganja, akaifunika kwa kiganja kingine, akaviweka vyote viwili chini ya kidevu, macho kafumba. Midomo yake ilisema kitu kwa lugha ya kwao. Halafu akafungua mkoba, akatoa uzi mwekundu mpya, mnene, na akaanza kuupenyeza kwenye tundu. Uzi ulikataa mara ya kwanza, akaulowesha kwa ulimi.

Mwanangu, kwa siku tatu nilikuwa nimepima mizani ya nani ataumia na nani atafurahi, na haikulala upande wowote. Pale sikupima. Niliona anaivaa shingoni sarafu ya mtu yeyote, na kesho na kesho kutwa, kwenye baridi ya ugenini, atakuwa anazungumza na Mei kupitia rangi ya kucha ya Mama Riziki. Na pale dukani anayejua ni mimi peke yangu.

Nikasema, "Bibi, hiyo si ya Mei."

Mkono wake ukasimama.

"Doa hilo nimelitia mimi. Jana. La kweli nilisugua likatoka, Jumanne, kabla hujapiga simu. Sijui ni ipi."

Mzee aligeuka akanitazama, na sikuweza kumtazama. Nilitoka mbio mlango wa pili nikarudi na dawa ya Mama Riziki ya kufutia rangi ya kucha na kipande cha pamba. Nikaomba ile sarafu. Bi Leong alinipa. Nikaifuta mbele yake, mara moja, na pamba ikawa nyekundu. Nikairudisha kwenye kitambaa na wenzake.

"Hujui hata kidogo?" akauliza.

"Hata kidogo, Bibi."

Hakulia wala hakupiga kelele. Alizitazama zile kumi na nane, na saa za ukutani ziliendelea kusema kila moja ya kwake. Halafu akavuta kitambaa karibu, akachukua ule uzi mpya, akaanza kutunga. Moja, nyingine, nyingine. Mzee alinyoosha mkono kumsaidia, akakataa kwa kichwa. Alipomaliza akafunga fundo.

"Wapwa watapata karatasi," alisema. "Hizi zote nakwenda nazo. Siwezi kumwacha Mei kwa kubahatisha."

Alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka kwangu. "Kwa nini ulizisafisha?"

Nikamweleza kuhusu bibi yangu, na sahani za jirani, na shaba ya Idi. Sauti ilikuwa inanikatika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniuliza tu," alisema. "Namba yangu mlikuwa nayo."

Akaenda. Hakusema amenisamehe na sitakudanganya kwamba alisema. Aliondoka nchini wiki iliyofuata, na wapwa zake hawakupata kitu walichoahidiwa, na hilo ni juu yangu mpaka leo.

Mzee Athumani hakunifukuza. Alifunga mlango wa duka, jambo ambalo hakulifanya mchana hata siku moja, akaketi kwenye kiti alichokaa bibi.

"Kusugua, umesugua," alisema. "Ulilelewa hivyo, na mimi nilikuwa na haraka, tugawane. Rangi ya kucha, nimeielewa pia, uliogopa. Lakini jana jioni nilikushika kichwa, Rukia. Nilimshukuru Mungu mbele yako kwa kitu ambacho hakipo. Uliniachaje nikamshukuru Mungu kwa uongo?"

Niliiokota ile pamba nyekundu nikaitia kwenye pipa la taka.

"Na leo umesema," akaendelea, sauti imepungua. "Umesema mbele yake, na ulijua mimi nipo. Basi Jumatatu uje. Ila siku nyingine, usinipangie majibu yangu. Niulize, nikujibu mwenyewe."

Jumatatu nilikwenda, na nikakaa pale mwaka na nusu mpaka nilipopata kazi ya maabara. Nilijifunza saa pia.

Sasa hiyo ndiyo nasaha yangu, mwanangu, nikuambie waziwazi usije ukaitafuta. Utakuwa mtu wa mawazo mengi, naona tayari unavyoikunjia dari paji la uso. Hilo si kosa, na usikubali mtu akuambie uache kufikiri. Lakini wale watu unaobishana nao kichwani usiku umewatengeneza wewe. Nilimwona Bi Leong akianguka, akipiga kelele, akiita polisi. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuja Ijumaa. Aliyekuja alikuwa bibi mwenye koti zuri, na alichotaka ni kuulizwa. Kitu cha mtu kikiwa mkononi mwako, muulize mwenyewe kabla hujakitendea wema. Ukikiharibu, mwambie kabla hujaanza kumpangia furaha. Na mtu akikusifu kwa jambo ambalo si kweli, msimamishe pale pale, kabla mkono wake haujatoka kichwani mwako, hata kama sifa ni tamu na wewe umechoka.

Mungu akukuze. Akupe mikono ya kusafisha na subira ya kuuliza kwanza. Akuzungushie watu watakaokukemea wakiwa wamefunga mlango, na wakufungulie tena Jumatatu. Ukikosa, na utakosa, akupe sauti hata ikiwa ya kukatika. Nawe siku moja umlaze mwanao mapajani, umwambie lako lililokukesheza, na Mungu awaamshe wote wawili salama.